Mahindi Yaliyoliwa Msibani

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, mkono unagoma kunyanyuka, na akishamtaja mwingine ndipo jibu linanijaa mdomoni. Ndiyo maana naandika. Nimemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, niko nyumbani Ilomba, Mbeya, nasubiri matokeo, na kila nikikaa bila kazi nawaza mambo ya rafiki yangu, mama yake, na mahindi ya jumuiya yetu. Nayaandika yalivyokuwa, bila kumsema mtu vibaya kuliko alivyofanya. Kwa kweli sidhani kama kuna aliyefanya vibaya. Hilo ndilo linalonisumbua.

Rafiki yangu tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao na kwetu panatenganishwa na ua wa mabingobingo, ukiinama unapita. Alikuwa akiishi na mama yake na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili. Baba yao alikwenda zamani upande wa Zambia kutafuta maisha na ilifika mahali hakuna aliyekuwa anamwulizia tena. Mama yake alikuwa Mhehe wa Iringa. Ndoa ndiyo iliyomleta Mbeya, ndoa ikaisha, yeye akabaki anauza viazi na vitunguu sokoni.

Mwaka jana mwanzoni akaanza kuumwa. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, na walipoigundua ilikuwa imeshasambaa. Alikwenda hospitali akarudi, akaenda tena, hadi ile safari waliyomrudisha na dawa za maumivu tu wakamwambia apumzike nyumbani. Sisi wote tulielewa maana yake isipokuwa yule mtoto wa darasa la pili, aliyekuwa anamwuliza dada yake kila siku, "Mama akishapumzika tutaenda tena sokoni?"

Rafiki yangu akaanza kukosa shule. Kwanza Ijumaa, baadaye siku yoyote ile. Alikuwa anaongoza Baiolojia darasa zima, na mwalimu alishamwambia akifaulu vizuri anaweza kwenda kusomea uuguzi au hata zaidi. Alikuwa anaazima madaftari yangu usiku anayarudisha asubuhi, mengine yakiwa na madoa ya uji.

Jumuiya yetu ni nyumba kama ishirini za usharika wetu. Jumamosi alfajiri tunakutana nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, tunaomba, tunasoma Neno, halafu mzee wa kanisa anauliza nani anaumwa na nani kafiwa. Mwezi wa sita, baridi ikiwa ile ya Mbeya ya kutoa moshi mdomoni, mzee wa kanisa akauliza, mama yangu akasimama akasema, "Mnajua wote nani anaumwa. Mnaulizana nini?"

Basi wakapanga zamu. Kina mama wawili kila asubuhi, kumwogesha, kufua na kupika uji, ili binti aende shule. Zamu ya mama yangu ilikuwa Jumanne na Alhamisi, na kwa kuwa mwenzake wa zamu alikuwa na mgongo mbovu, mama akawa ananichukua mimi kabla sijaenda shule.

Nitaandika ukweli. Kulikuwa na harufu. Sijawahi kuisikia tena harufu ile na sitaki. Ilikuwa inakaa kwenye nywele hadi mapumziko ya saa nne. Tulikuwa tunatandua vitambaa, tunavitia kwenye beseni lenye jiki, mama ananawa, anamgeuza yule mama taratibu kama mtu anayegeuza chapati isikatike, na mimi nashikilia blanketi ili asione kwamba namwangalia. Yeye ndiye aliyekuwa anatuchekesha.

"Huyu mwanao," alimwambia mama yangu siku moja, "anaongea siku ngapi kwa wiki?"

"Akiongea mara moja tunaita majirani," mama akasema.

"Mpeleke bungeni. Huko wanalala wakilipwa, huyu atanyamaza bure."

Nikacheka hadi blanketi likanitoka. Akaniangalia, macho yameingia ndani, akasema, "Haya, umeona na kucheka unajua. Kesho useme na neno."

Zamu zilienda vizuri. Rafiki yangu akarudi shule, na mitihani ya majaribio, ile ya moko, akaifanya yote. Lakini jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anatazama sufuria lisilo na kitu. Akaniambia, "Mama hataimaliza Agosti. Mimi najua. Ninachoogopa ni kwamba tutachukuliwa." Nikamwuliza na nani. "Na mjomba. Iringa. Si mtu mbaya. Lakini nimeshasajiliwa mtihani hapa, nikienda kule mwezi wa nane au wa tisa nimekwisha. Mwenye chakula ndiye anayesema tukae wapi, na sisi chakula hatuna."

Hilo nililisema. Nilimweleza mama usiku ule ule, na Jumamosi mama akalisema jumuiyani.

Kilichotokea baada ya hapo ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwa macho yangu. Ulikuwa msimu wa mavuno. Watu waliokuwa na mashamba Mbalizi na huko juu walikubaliana kila nyumba itoe debe la mahindi, mwenye zaidi atoe zaidi. Wengine walileta yakiwa bado kwenye magunzi, yakamwagwa uani kwa mgonjwa, na Jumamosi nzima tukapukuchua: watoto, wazee, wanakwaya, hata mchungaji alipita akakunja mikono ya shati akakaa nasi mpaka vidole vikapata malengelenge. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, Mhindi asiye hata wa kanisa letu, akatoa magunia mapya. Jioni chumba kidogo cha uani kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi, na moja la maharage.

Mzee wa kanisa akaingia sebuleni alikolazwa mgonjwa, akavua kofia.

"Mama," akasema, "hawa watoto hawatatoka hapa. Watakula hapa, watalala hapa, majirani tupo, mpaka huyu binti amalize mtihani wake. Chakula chao hicho hapo ndani, mpaka mwaka upinduke."

Tulitegemea atalia au atashukuru. Yeye akauliza, "Mmeyaegemeza ukutani?"

"Ndiyo, mama."

"Yasogezeni. Ule ukuta unavuta maji."

Vijana wakarudi kuyasogeza. Ndipo akafumba macho akasema, "Ndaga," yaani asante, kwa Kinyakyusa cha wenyeji wake. Ufunguo wa chumba akapewa rafiki yangu, akaufunga kwenye uzi shingoni.

Mama yake alikufa mwishoni mwa Agosti, asubuhi, zamu ikiwa si yetu. Nilikuwa nasuka ufagio uani kwetu nikasikia sauti ya rafiki yangu ikiita "mama" mara moja, kwa kawaida tu, kama anayemwita aje ale. Ya pili haikuwa ya kawaida.

Sasa niseme kuhusu misiba yetu, kwa sababu hapo ndipo palipo jambo lenyewe. Jumuiya yetu misibani haijawahi kushindwa. Kabla ya saa sita turubai lilishafungwa, viti vimeletwa na toroli, wanaume wamewasha moto wa magogo nje, kina mama wamejaa ndani kwenye mikeka. Simu zikapigwa Iringa. Mjomba na ndugu wengine wakasema wanakuja, tusizike kabla hawajafika. Kwaya ya usharika ikaja, kwaya ya mtaa wa pili ikaja, walimu wakaja na darasa letu zima, wauza viazi wa soko zima wakaja. Msibani kwetu mtu haondoki bila kula. Aliyetembea kutoka mbali kuja kulia nawe, halafu umwache akarudi na njaa, hiyo inasemwa mpaka watoto wako waoe.

Rambirambi zilizokusanywa zikaenda kwenye jeneza na gari la kwenda makaburini. Unga ulionunuliwa siku ya kwanza ukaisha usiku ule. Asubuhi ya pili nilikuwa naosha sahani, na mama mkuu wa jikoni akaja tulipokuwa. Huyu ndiye anayeongoza masufuria misiba yote ya jumuiya, ana sauti ya kusikika vyumba vitatu, na katika zile zamu za mgonjwa hakuwahi kukosa hata yake moja. Akamwambia rafiki yangu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, nipe ufunguo wa uani. Tupeleke gunia moja mashineni."

Mama yangu alikuwa anakata mboga. Akasema, "Hayo si ya watoto?"

"Na msiba ni wa nani?" mama wa jikoni akauliza. "Haya mahindi ya hapa, msiba wa hapa. Au unataka watu wa Iringa wafike hapa walale njaa, waseme dada yao alikuwa anaishi na wanyama?"

"Sijasema hivyo."

"Tutarudishia. Jumuiya si ipo?"

Mama akaendelea kukata mboga. Rafiki yangu akavua uzi shingoni. Nilimwona usoni, macho yalikuwa yamevimba na hayakuwa pale. Ungemwomba nguo aliyovaa angekupa vile vile.

Gunia la kwanza likaenda mashineni likarudi unga. Ndugu wa Iringa wakafika jioni, basi dogo zima. Gunia la pili. Tukazika siku ya tatu, na wote waliotoka makaburini wakarudi kula. Baada ya hapo yakaja maombi ya kuanua matanga. Hakuna aliyekuwa anauliza yamebaki mangapi, kwa sababu kila aliyechukua alichukua moja tu, na kila mmoja alijua la kwake litarudishwa. Makande yalipikwa kwenye pipa. Wazee walikuwa wakipokea sahani kwa mikono miwili wakisema, "Huyu mama ameagwa. Ameagwa kwa heshima." Na ni kweli, aliagwa. Hata mimi nilikula, nilikuwa na njaa ya kuosha vyombo na yale maharage yalikuwa yameiva vizuri.

Kesho yake, turubai likiwa limeshushwa, wakakaa kikao cha familia pale sebuleni. Mimi nilikuwepo kwa sababu rafiki yangu alinishika mkono hakuniachia. Mjomba ni mtu mrefu, mkulima, anaongea polepole Kiswahili chenye Kihehe ndani yake. Akauliza, "Watoto wanabaki na nini?"

Mzee wa kanisa akajinyoosha. Niliona alivyojisikia vizuri kuwa na jibu. "Mjomba, hilo lilishapangwa hata kabla ya marehemu kutuacha. Chakula chao kipo mpaka mwaka upinduke. Nyumba ni yao, majirani tupo, binti amalize mtihani. Twende ukaone mwenyewe."

Wakatoka kwenda uani, na sisi nyuma. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na magunia matupu yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine, kazi ya mama wa jikoni, mtu msafi. Kwenye pembe kulikuwa na ndoo ya maharage, haijafika nusu. Sakafuni punje za hapa na pale, na kuku wa jirani aliyekuwa ameshazigundua.

Mzee wa kanisa alisimama mlangoni. Akasema, "Yalikuwepo." Akasema tena, "Yalikuwepo, mjomba. Mungu shahidi."

"Najua," mjomba akasema. Hakuwa na hasira, na nadhani ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Hata mimi nimeyala. Siku zote hizi nakula, najisemea moyoni, watu wa Mbeya wana upendo, jamani. Kumbe nakula ya wapwa wangu."

Mama wa jikoni akakaa chini pale pale uani, kwenye jiwe la kufulia, akajifunika uso na khanga.

Mama yangu akajaribu. Akasema wa kike abaki kwetu mpaka Novemba, atalala na mimi. Mjomba akafikiri, akamgeukia rafiki yangu amwulize. Rafiki yangu akamwangalia mdogo wake, aliyekuwa anamfukuza yule kuku, akasema, "Huyu atalala na nani?" Kwetu tunalala sita vyumba viwili. Wote wawili wakaondoka na mjomba kesho yake kwa basi la asubuhi.

Jumuiya haikulala usingizi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa kimya kama darasa lililofanya kosa. Wakachanga tena, ingawa mwezi wa tisa mahindi si ya mavuno tena, watu wameshauza, na bei imepanda. Waliofikisha debe walikuwa wachache. Mama wa jikoni alileta gunia zima peke yake, sijui alitoa wapi. Yakapatikana ya kutosha mpaka Novemba. Wakachagua wa kwenda Iringa kuwafuata watoto: mzee wa kanisa, mama wa jikoni, na mimi kwa sababu ni rafiki.

Nyumba ya mjomba iko nje ya mji wa Iringa, ukishatoka stendi unapanda bodaboda. Tulipofika mke wake alitoka kutupokea, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," tukaitika, akatukaribisha chai na viazi vitamu. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Nikajua ni kwa nini walimhitaji msichana mkubwa ndani ya nyumba, na nikajichukia kwa kulijua haraka hivyo.

Rafiki yangu alikuwa nyuma anamenya viazi. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikafurahi, na tena sikufurahi.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama wa jikoni.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuwachukua." Akatoa simu, akamwonyesha picha ya magunia, akaikuza kwa vidole ili aone vizuri. "Unaona? Safari hii nimefunga mwenyewe, kufuli langu, ufunguo ninao mimi. Haiguswi hata punje."

Rafiki yangu akaifuta mikono, akaishika ile simu akaiangalia kweli, kwa heshima. Akauliza, "Na akifa mtu?"

"Afe nani tena?"

"Yeyote wa jumuiya. Mtapikia nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu kitu ambacho hajaelewa. Mama wa jikoni akaipokea simu yake, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Mdogo wangu ameacha kukojoa kitandani," rafiki yangu akasema. "Wiki ya kwanza ilikuwa kila siku. Sasa ameacha. Ana rafiki, wanaenda shule pamoja. Nikirudi, nikimchukua ataanza upya. Nikimwacha, ataanza upya. Mimi nimeshahesabu pande zote, mama. Nabaki."

Mzee wa kanisa akaomba angalau aje wakati wa mtihani, wiki zile tu, alale kwetu, nauli juu ya jumuiya. Mjomba akasema hana kizuizi. Rafiki yangu akasema atajitahidi. Yale mahindi mjomba hakuyataka. "Iringa mahindi tunayo," akasema, na hakusema kwa kejeli. Yakaja kupewa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyevunjika nyonga, na sijasikia kama yameisha.

Usiku tulipokuwa tunalala chumba kimoja kwa mjomba, nilimwuliza kama ana madaftari yangu. Akasema anayo, anasoma wenzake wakishalala. Nikasema neno moja nililokuwa nimelibeba kutoka Mbeya, kwamba samahani. Akasema, "Wewe uliosha sahani. Samahani ya nini?" Akageuka ukutani.

Siku chache kabla ya wiki ya mtihani mke wa mjomba alijifungua. Kwa upasuaji, akakaa hospitali, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kupika na kupeleka uji wodini. Rafiki yangu alinipigia kwa simu ya mjomba siku moja kabla ya mtihani kuanza. Hakulia. Aliniambia tu nisimwekee nafasi kwenye godoro.

Kwenye chumba cha mtihani namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye dawati la mbele yangu, msimamizi akaweka karatasi pale kila siku, na baada ya muda akaiondoa. Nilijitahidi kuangalia ya kwangu.

Siku ya Baiolojia, mama na mtoto wakiwa wamesharudi kutoka hospitali, rafiki yangu alipiga jioni. Hakunisalimia hata. "Walitoa nini?" akauliza.

Nikamtajia moja moja. Karatasi ya maswali nilikuwa nimeikariri karibu yote bila kukusudia. Nilimtajia swali, akajibu, kwa ufupi, sehemu A na sehemu B, kama vile kuna mtu anayesahihisha. Nilikuwa sisemi umepata wala umekosa. Nilikuwa nasema tu linalofuata. Mama alipita akaniona naongea muda mrefu hivyo kwenye simu, akasimama, halafu akaenda zake bila kuuliza.

Katikati akasema subiri. Nikasikia ameweka simu chini, nikasikia mtoto mchanga analia, maji yanamiminwa kwenye beseni, na sauti yake ikisema "haya, haya" kwa mtu mwingine. Nilisubiri. Aliporudi alikuwa anahema.

"Ehe," akasema. "Swali la saba."